Wachoraji wa kadi za samurai: nani anakukosha, na kwa picha ipi?

Brashi_Ngarenaro (mleta mada)

Heshima kwenu wakuu, na machalii wote wa Chuga mliomo.

Nyuzi za michezo ya kadi kama Magic: The Gathering humu zimekuwa za aina moja: deki gani inachapa, kadi gani imepanda bei, nani kamfunga nani Jumamosi. Picha haiongelewi. Mtu ameshika kazi ya mchoraji mkubwa mkononi, anasoma maandishi ya chini, anaitupa mezani. Leo tuongee picha, na tubaki kwenye kadi za samurai: mabwana wa ngome, mizimu, majoka, watawa, ninja. Mazombi na maroboti watafutiwe uzi wao.

Mimi riziki yangu ni mabango na maandishi ya vifodi, kwa hiyo nina ugonjwa wa kikazi. Bango la saluni Ngarenaro linasomwa na mtu aliye ndani ya gari linalotembea. Ukimwekea vitu kumi, anapita hajaona hata kimoja. Kadi nayo ni hivyo hivyo. Upana wake ni milimita 63, urefu 88, na karibu nusu imeliwa na maandishi. Juu ya hapo, mpinzani wako anaiona kichwa chini miguu juu, na ukishaitapu, yaani kuonyesha umeitumia, inalala ubavu, hata wewe mwenye kadi unaitazama kwa kukunja shingo. Mchoraji anayejua kazi yake ameshayafikiria hayo kabla hajachovya brashi.

Kwa kipimo hicho, namba moja wangu ni Christopher Moeller. Ni Mmarekani, mtu wa rangi za akriliki, na amechora pia vitabu vya katuni. Kwenye Kamigawa, yaani yale matoleo ya Magic: The Gathering ya 2004 na 2005 yaliyojengwa juu ya ngano za Kijapani, ana kadi mbili ambazo hakuna mchezaji asiyezijua. Ya kwanza ni Umezawa's Jitte. Jitte ya kweli ilikuwa rungu la chuma lenye ndoano ubavuni, silaha ya askari wa mji enzi za Edo, kazi yake kunasa upanga wa mhalifu bila kulazimika kumuua. Ya kwenye kadi ni balaa jingine, mpaka kwenye Modern, mmoja wa mitindo ya kucheza Magic, iliwahi kupigwa marufuku. Lakini tazama picha: silaha ndiyo iliyoshika dirisha. Hakuna vita nyuma, hakuna umati. Ameamua unachotakiwa kuona, akakuonyesha hicho.

Ya pili ni Isamaru, Hound of Konda. Mbwa. Mana moja nyeupe (mana ndiyo nguvu unayolipia kadi), nguvu 2, uhai 2, basi. Kuna wachoraji wangeona aibu kulipwa kwa kuchora mbwa mtupu, wangemzungushia radi na moto ili hela ionekane imefanya kazi. Moeller kamwacha awe mbwa. Na hata ukiwa umesimama nyuma ya mchezaji, unamjua.

Namba mbili wangu ni kundi. Yale majoka matano ya Champions of Kamigawa, Oktoba 2004. Waliwapa wachoraji watano wa Kijapani, kila mmoja na joka lake: Yosei jeupe la Hiro Izawa, Keiga la bluu la Ittoku, Kokusho jeusi la Tsutomu Kawade, Ryusei jekundu la Nottsuo, na Jugan la kijani la Hideaki Takamura. Kwa mchezo ni ndugu wa tumbo moja: mana sita, 5/5 (nguvu 5, uhai 5), yanaruka, na kila moja likifa linaacha balaa au baraka yake. Kokusho likifa, kila mpinzani anapoteza uhai 5, na wewe unaupokea wote uliopotea. Kwa mkono ni watu watano tofauti kabisa.

Kuna siri moja humo. Joka la Mashariki ni refu, halina mabawa, mwili unajipinda. Mwili wa namna hiyo ni zawadi kwa anayechora kitu kidogo: mkunjo mmoja tu umejaza dirisha, na ukiligeuza juu chini bado ni joka. Joka la Kizungu lenye mabawa ukiligeuza unapata mwavuli uliopinduliwa na upepo.

Lisilonikuna: Kamigawa: Neon Dynasty ya 2022. Taa, nyaya, maghorofa, kila kona inang'aa. Kwenye simu ukikuza, tamu. Mezani naona zambarau na waridi tu. Nazitoa zile ardhi za msingi, kadi zinazokupa mana, zilizochorwa kwa mtindo wa chapa za mbao za Kijapani. Hizo nimezikubali, nitaeleza nikiulizwa.

Nawasilisha. Tajeni wenu na mseme kwa nini. "Ni kali" siyo sababu.

---

Mangi_wa_Pasua

Aisee. Uzi wa samurai, mleta mada kaanza na mbwa. Haya.

Mimi niko Moshi na huku nina mwali mwingine kabisa: Legend of the Five Rings, mchezo mwingine wa kadi. Ulitoka 1995 kwa kampuni ya AEG, nchi yake ya kubuni inaitwa Rokugan. Albamu niliyonayo niliachiwa na Mzungu mmoja aliyekuja kujitolea, begi lilizidi kilo siku ya kuondoka, akachagua viatu vya mlima akaniachia kadi. Mpaka leo sijaelewa hesabu zake, ila namshukuru.

Brashi, kipimo chako nakikubali, lakini unampa mchoraji mmoja mmoja sifa zote. Rokugan walilitatua lile tatizo lako la bango kwa ukoo. Kila ukoo una rangi. Korongo ni samawati, watu wa baraza na upanga wa mmoja kwa mmoja. Simba ni njano ya dhahabu, jeshi. Joka kijani, wa milimani. Finiksi rangi ya moto, wenye kuongea na mizimu. Nge ni nyekundu na nyeusi, na uso uko nyuma ya barakoa. Unicorn zambarau, wapanda farasi. Kaa kijivu cha bluu, wanaolinda ukuta wa kusini mashetani wasipite. Tawanya kadi mezani, zima hata taa moja, bado utajua nani ni wa nani kabla hujaona sura.

Sasa mchoraji akishapewa rangi na nembo ya ukoo, amebakiwa na jambo moja tu: mtu. Ndiyo maana kadi za Rokugan zina watu. Za Kamigawa zina viumbe.

Wangu ni Matt Wilson. Miaka ile ya mwanzo alikuwa anachora na pia kusimamia sanaa ya mchezo mzima. Baadaye alikwenda kuanzisha kampuni ya Privateer Press, wale wa mchezo wa Warmachine, na ukiziangalia kazi zake unaona safari ilianza wapi: mabega mapana, uzito, mtu amesimama na ardhi inajua amesimama. Samurai wake huwezi kumsukuma. Wengi wanachora samurai aliyeruka hewani upanga juu, nguo zinapepea. Nimechoka nao. Samurai anayetisha ni yule ambaye hajachomoa bado.

Pembeni yake namweka William O'Connor, aliyefariki 2018. Huyu alikuwa na mwanga laini kuliko Wilson, na nguo zake zilikuwa na uzito wa kitambaa.

Halafu kuna kitu ambacho Kamigawa hamna. Hadithi ya Rokugan ilikuwa inasukumwa na mashindano. Wachezaji wakishinda, hadithi inafuata. Na mhusika akishapitia makubwa, anatolewa upya kwenye kadi nyingine, amechorwa upya. Mchukue Toturi. Anaanza akiwa mkuu wa Simba, anapoteza jina na ukoo, anatangatanga bila bwana, mwishowe anakaa kwenye kiti cha enzi. Ukizipanga kadi zake kwenye ukurasa mmoja wa albamu, unamwona mtu anazeeka. Nionyeshe joka lako linalozeeka.

---

BabaNeema

Watu wazima wanajadili mbwa na majoka ya kwenye karata, mimi marejesho ya bodaboda hayajakaa sawa. Si kamari hiyo lakini?

Brashi_Ngarenaro

Si kamari kaka, hakuna anayeweka hela mezani. Marejesho hayamzuii Isamaru kuwa mzuri. Vuta kiti.

Mangi, hoja ya Toturi imenikaa. Sina joka linalozeeka. Ila hiyo ya rangi za koo naona umenisaidia mimi: ukishagawa rangi, mchoraji mvivu anajificha humo. Kwenye albamu yako zipo kadi ngapi za Nge ambazo ni barakoa tu na nyuma yake hakuna mtu? Usinijibu.

---

Mwl_Sekei

Habari zenu. Mimi sichezi. Nafundisha sanaa sekondari, na kadi hizi nilizijua kwa kuwanyang'anya wanafunzi. Nimezirudisha zote, kabla hamjaanza.

Kaka Brashi, nakuuliza kuhusu zile ardhi, lakini ngoja kwanza niweke msingi, kwa sababu wachoraji wote mliowataja wana babu mmoja. Utagawa Kuniyoshi, aliyeishi hadi 1861 mjini Edo, ambao ndio Tokyo ya leo. Mwaka 1827 alianza kutoa mfululizo wa mashujaa 108 wa riwaya moja ya kale ya Kichina. Kila shujaa karatasi yake, miili ya baadhi imejaa michoro ya wino kwenye ngozi, na jina pamoja na habari zake zimeandikwa hapo hapo kwenye picha. Watu wakazipenda, wakanunua, wakatafuta ambaye hawana. Sasa niambieni hiyo si kadi.

Na picha hizo hazikuwa kazi ya mtu mmoja. Kulikuwa na mwenye duka aliyetoa mtaji, mchoraji, mchongaji na mpigaji chapa. Mchoraji alichora kwenye karatasi nyembamba, karatasi inagandishwa kifudifudi juu ya ubao wa mcheri, mchongaji anachonga kwa kufuata mstari, na mchoro wa asili unaishia pale pale kwenye ubao. Kila rangi ilihitaji ubao wake. Huwezi kuweka vivuli mia kwa utaratibu huo. Unaweka mstari safi na rangi bapa, kwa sababu mbao haitakupa zaidi. Kwa hiyo huo usomekaji mnaousifu haukuanza kama kipaji, ulianza kama bei ya ubao.

Ukitaka kuona nguvu yake, tafuta picha ya Kuniyoshi ya mwaka 1844 hivi, ya binti mchawi Takiyasha. Karatasi tatu zimeunganishwa, na fuvu kubwa na mbavu zake linajitokeza nyuma ya pazia kuwainamia watu. Nimewahi kuibandika ubaoni darasani bila kusema neno. Waliokuwa wanaongea walinyamaza, na aliyekuwa amelala aliamshwa na jirani yake.

Mwanafunzi wake Tsukioka Yoshitoshi ndiye mimi ningempa namba moja kama angekuwa hai wa kuchora kadi. Picha mia za mwezi, 1885 mpaka 1892, wakati kamera tayari imeingia Japani na soko la chapa za mbao linakufa. Samurai wake wametulia. Mangi, huyo ndiye wa kwako, hajachomoa.

---

Brashi_Ngarenaro

Mwalimu, shikamoo, hata kama tunalingana.

Ndiyo sababu yenyewe ya ardhi zile. Rangi bapa, mstari unaoonekana, na sehemu kubwa imeachwa ipumue. Kwenye toleo ambalo kila mtu anapiga kelele, hizo zimenyamaza. Na sisi wa huku ndio tunaopaswa kuzielewa kuliko wote. Kila bango Arusha na Moshi lina mlima. Duka la nyama, mlima. Shule ya udereva, mlima. Nimechora Kibo mpaka mkono unajua wenyewe theluji inaanzia wapi, na najua kitu kimoja: mlima unaharibika unapoongeza. Twiga mbele, mawingu, jua linazama, mpanda mlima na bendera. Mteja ndiye anayetaka hayo. Aliyechora Mountain, ile ardhi ya mlima, ya mtindo ule hakuwa na mteja wangu.

---

Hadibodi

Nimesoma kimyakimya, sasa naomba niingie. Nachora Tingatinga, nauza kwa watalii hapa mjini.

Mwalimu kasema mbao haikuwapa zaidi. Marehemu Edward Saidi Tingatinga alipoanza Dar mwaka 1968, alikuwa na hadibodi na rangi ya mafuta ya kupaka baiskeli. Rangi ile haitaki kuchanganywa changanywa, inataka kulazwa bapa. Mnyama mmoja, mandhari safi, basi. Alikufa 1972 na mkondo wake bado unatulisha. Yaani kanuni mnayoisifu kwa Wajapani tunayo hapa, na hamjaitaja mpaka nimekuja mimi.

Nina swali na nina ushuhuda. Ushuhuda: mtalii mmoja alinipa kadi ya samurai akataka nimchoree kwa Tingatinga, saizi ya kuingia kwenye begi la mkononi. Nikakubali. Deraya ya samurai, wakuu, ni vibati vidogo vidogo vilivyoshonwa kwa kamba, mamia. Nikijaribu kuvichora kimoja kimoja, vinageuka tope. Nikaviacha, nikampiga madoa ya kanga yule ndege, meupe juu ya bluu nzito, mstari kwa mstari. Deraya ikatokea. Mtalii akaangalia, akacheka, akalipa bila kubishana bei, na Arusha hiyo ni habari.

Swali: huyu Moeller ni Mmarekani. Huyo Wilson naye wa kwao. Inakuwaje namba moja zenu zote mbili za samurai zimechukuliwa na watu wasio wa kule? Mtalii akichora Mmasai tunamcheka, shuka kamfunga ndivyo sivyo, mkuki kashika kama fagio.

---

Mangi_wa_Pasua

Hadibodi swali zuri na jibu langu litakuudhi. Rokugan siyo Japani. Ni nchi ya kubuni iliyochota Japani, China na kwingine, kwa hiyo mchoraji hadanganyi historia ya mtu. Mmasai yupo, anapita hapo barabarani, ukimkosea atakuambia. Samurai wa ukoo wa Kaa hayupo wa kukulalamikia.

Mwl_Sekei

Sikubali kirahisi hivyo, Mangi. "Nchi ya kubuni" limekuwa kichaka cha wengi kujificha. Kimono ikifungwa kulia juu ya kushoto ni ya maiti, hata kama nchi umeitunga wewe. Mchoraji mzuri wa kigeni ni yule aliyekaa na vitu vyenyewe akavitazama. Van Gogh, mchoraji wa Uholanzi, mwaka 1887 alinakili kwa rangi za mafuta picha ya Mjapani Hiroshige ya mvua kwenye daraja. Alinakili ili ajifunze, na baada ya hapo mkono wake ulibadilika. Huyo nampa ruhusa.

Brashi_Ngarenaro

Mimi ndiyo maana namba mbili yangu yote ni Wajapani watano. Na Moeller nimempenda kwa mbwa. Mbwa hana kimono.

---

Chalii_wa_Sakina

Nyie mnaongelea kadi halisi. Wengine tunacheza na za kuprinti, stesheneri, karatasi ya A4, mkasi, halafu unaingiza kwenye plastiki na kadi ya kawaida nyuma ili iwe ngumu. Na niwaambie, printa ya stesheneri ndiyo hakimu wa kweli wa uzi huu.

Kokusho likitoka pale ni usiku. Huoni kichwa, huoni mkia, unaona jina na namba. Za Neon Dynasty zinatoka zimeiva rangi moja. Isamaru anatoka mbwa. Hata wino ukiwa unaisha, ana milia ya printa mwilini, bado ni mbwa. Boseiju, ule mti wa Ralph Horsley, nao unatoka mti. Jitte inatoka vizuri. Keiga inategemea siku.

Kwa hiyo Brashi upo sahihi kwa Moeller, ila namba mbili yako imegawanyika vipande kaka. Kawade kaharibiwa na stesheneri.

Brashi_Ngarenaro

Chalii, wino wa stesheneri usinihukumie Kawade! Njoo uone halisi kwenye mwanga wa mchana. Weusi wa Kokusho una rangi ndani yake.

Chalii_wa_Sakina

Wewe umesema mwenyewe bango lisomeke kwa mbali. Sasa unataka niende dirishani?

BabaNeema

Hapo amekukamata 😂 Nimemtafuta huyo mbwa mtandaoni. Ni mzuri kweli.

---

Dada_Kiboriloni

Samahanini nimechelewa, simu iligoma. Wanaume wote humu, wachoraji wote wanaume, na mmeridhika? Namtaja Martina Pilcerova wa Slovakia. Kachora Tatsumasa, the Dragon's Fang, upanga ambao unatoa roho ya joka. Kwa wasioujua: unaukabidhi kiumbe, kinapata nguvu 5 na uhai 5, au unalipa mana sita upanga unaondoka na mahali pake panakuja joka la bluu la 5/5. Likifa, upanga unarudi. Kadi ngumu kuichora hiyo, maana ni kitu kimoja chenye maisha mawili, na wewe una dirisha moja.

Na mwingine ambaye mmempita ni Todd Lockwood. Azusa, Lost but Seeking ni yake. Mtawa wa kike anayesafiri. Kadi ile kazi yake ni kukuruhusu kushusha ardhi mbili za ziada kila zamu, hakuna upanga, hakuna damu. Kwenye toleo lililojaa wanaume wenye ghadhabu yeye anatembea tu. Naiweka mbele ya samurai wenu wote, waliochomoa na wasiochomoa.

Mwl_Sekei

Asante dada. Azusa ndiyo kadi pekee niliyosita kuirudisha.

Mangi_wa_Pasua

Azusa nampitisha, aisee. Lakini bado hamjanijibu kuhusu Toturi, mnazunguka tu. Jumamosi napanda Arusha, nina mzigo wa kushusha Soko la Kilombero asubuhi, nikimaliza niko huru. Nakuja na albamu. Brashi ulete hayo majoka matano halisi, Chalii alete ya stesheneri, tuyaweke sambamba, BabaNeema atahukumu kwa sababu hana upande.

BabaNeema

Nina upande. Mbwa.

Hadibodi

Mimi naleta samurai wa madoa ya kanga, nimebakiwa na mmoja. Hauzwi kwa bei ya mtalii, ila hauzwi kwa bei ya Mangi pia.

Brashi_Ngarenaro

Sawa, saa nane, barazani kwangu Ngarenaro, ukifika muulize yeyote mchora mabango. Mangi, kadi zako zibaki kwenye plastiki, na chai mtakunywa mkiwa mbali na meza.